Mwanao Akitaka Kufoka Kanisani

Tuchukulie, ndugu msomaji, nyumba moja katika mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda. Ni Jumamosi jioni. Baba amerudi kutoka kazini, mama anachambua mchele wa kesho, na kutoka chumba cha vijana inasikika sauti ya mtu anayesema maneno kwa haraka juu ya mdundo wa ngoma za mashine. Baba anausukuma mlango. Kijana wake wa miaka kumi na tisa amekaa kitandani, simu mkononi na daftari magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huo uhuni ndio uliokufanya usiende mazoezi ya kwaya?"

"Baba, hii ni Zaburi. Mimi na wenzangu tunataka kutoa albamu. Nyimbo kumi, zote za neno la Mungu."

"Neno la Mungu halifokwi!"

Mlango unafungwa kwa kishindo. Asubuhi yake familia inakwenda kanisani, na mahali pa kijana katika safu ya sauti ya tatu ni patupu.

Nyumba hiyo ni ya mfano tu, lakini ugomvi wake si wa mfano. Wazazi wengi wenye watoto wa umri huo wanaujua. Mzazi anaogopa kumpoteza mtoto kwa dunia; mtoto naye anaona kwamba amemletea Mungu kile anachokiweza, nacho kimekataliwa. Na mara nyingi yule aliyefukuzwa pamoja na mdundo wake harudi, wala yeye wala mdundo.

Makala haya hayakusudii kumtetea kijana dhidi ya baba yake, wala kumpa baba fimbo. Yanakusudia kuuliza swali moja: je, ni kweli kwamba kuna muziki uliozaliwa mtakatifu na mwingine uliozaliwa mhuni? Historia ya mkoa wetu wa Katavi yenyewe inaweza kutupa jibu.

NENO LENYEWE

Kwanza tulitazame neno. Maji yakichemka mno hufoka. Mtu akighadhibika hufoka. Muziki wa rap, ambao vijana huuita hip hop, ulipoingia nchini kwetu, masikio ya wengi yaliusikia kama maneno ya mtu mwenye hasira, ukaitwa muziki wa kufokafoka. Jina likashika, na pamoja na jina ikashika dhana: anayefoka ni mtu asiye na adabu.

Lakini miaka haikukaa bure. Mwaka 1991 kijana Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza jijini Dar es Salaam kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Kimarekani. Mwaka 2001 Professor Jay, yaani Joseph Haule, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na ndani yake wimbo wa Ndio Mzee, unaomchekesha na kumsuta mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana. Watu wazima wakasikiliza, wakacheka, wakatafakari. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, anayejulikana kwa jina la Mr II au Sugu, alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, na mwaka 2015 Haule naye akachaguliwa katika jimbo la Mikumi. Muziki ulioitwa wa wahuni ukawa umewapeleka watu wawili Bungeni.

Wengine watasema: sawa, Bungeni waende, lakini kanisani ni mahali pengine. Basi twende kanisani.

KUTOKA KAREMA

Hakuna mahali pa kuanzia panapofaa kuliko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1889 aliwasili hapo Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alikuwa ameuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Aliishi Karema akiwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Tangu siku hizo za mwanzo hadi miaka ya 1960 Misa iliimbwa kwa Kilatini.

Hebu tafakari hilo, ndugu msomaji. Kwa mvuvi wa Karema, Kilatini hakikuwa lugha ya mama wala ya baba. Sauti zile za kuvutwa taratibu, zisizo na ngoma wala makofi, zilitoka ng'ambo ya bahari. Zilikuwa ngeni kabisa. Lakini wazee wetu walizishika kwa moyo, wakazifundisha kwa watoto, na baada ya miaka themanini zikawa zao. Wageni hawakuwa nyimbo hizo tena. Mgeni sasa akawa ngoma ya kijijini, ambayo iliambiwa ikae nje ya mlango.

Ngoma nayo haikukaa nje milele. Mwaka 1958, ng'ambo ya ziwa hilohilo, huko Kamina katika Katanga, Padre Guido Haazen na vijana wake waliimba Missa Luba: maneno yaleyale ya Kilatini, lakini kwa sauti na ngoma za Kongo. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kizima kuchunguza jinsi sheria za Kanisa zinavyoweza kupatana na muziki wa Kibantu. Na tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturjia, ambayo pamoja na mengine iliagiza kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima na nafasi yanayostahili katika ibada.

Wasukuma, ambao leo ni wengi katika Mpimbwe na Mlele, wana mfano ulio karibu zaidi. Kwao tangu zamani kuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanayoshindana kwa uchezaji, kwa dawa na kwa ulimi. Mtunzi wa upande huu humkejeli mtunzi wa upande ule mbele ya umati, na mwenye maneno makali zaidi huvuta watu. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, wa shirika la Mapadre Weupe, alipokuwa Bujora karibu na Mwanza, hakuzipiga marufuku ngoma hizo. Alizikaribisha katika sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni, na sherehe ya Bulabo inakusanya maelfu ya watu mpaka leo.

Vijana wanaposhindana kwa kufoka, huyu akitupa beti na yule akijibu, wanafanya nini ambacho Bagika na Bagalu hawakukifanya?

MIZANI NA VINA

Pengine msomaji atasema: ngoma ni jadi yetu, lakini kufoka kumetoka Marekani. Ni kweli kumetoka Marekani. Lakini tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapo ndipo penye mshangao.

Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa bingwa wa ushairi wa Kiswahili. Utenzi aliourithi ni mali ya pwani, uliolelewa na masheikh wa Kiislamu kwa karne nyingi. Mnyampala hakuona haya kuuchukua. Mwaka 1963 ulichapishwa Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi. Habari Njema ya Kikristo ikavaa kanzu ya pwani, na hakuna aliyesema kwamba imechafuka. Ndiye pia aliyetuletea ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, ambayo wengi wetu tuliyasoma shuleni tukisimama wawili wawili mbele ya darasa.

Kijana wetu wa Makanyagio anataka kufanya nini na Zaburi yake? Anataka kufanya alichofanya Mnyampala miaka sitini iliyopita. Tena hesabu zinakubali. Katika muziki wa kufoka, mstari mmoja huchukua mapigo manne, na kila pigo hugawanyika mara nne. Jumla ni nafasi kumi na sita za kutamkia silabi. Mstari wa shairi letu la kawaida una mizani nane na nane, yaani kumi na sita. Shairi la Kiswahili linaingia katika mdundo huo kama mguu katika kiatu chake. Kina cha kati kinaangukia nusu ya mstari, na kina cha mwisho kinaangukia mwisho wa pigo la nne.

Ubeti wa kufoka huwa na mistari kumi na sita. Kwa mwendo wa mapigo tisini kwa dakika, mistari hiyo humalizika katika sekunde arobaini na tatu hivi. Katika sekunde hizo mtunzi anatakiwa apange mizani mia mbili na hamsini na sita, avute pumzi bila kukata neno, na bado aeleweke. Mzazi anayedhani kwamba hiyo ni kazi ya mvivu na ajaribu mara moja tu, akiwa peke yake.

MAGITAA YA MAKAZI

Ipo hadithi nyingine ya hapa kwetu. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwaleta nchini maelfu ya wakimbizi. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, ambako walihamishiwa watu wengi kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, baada ya eneo hilo kujaa. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakalisha hata wenyeji wao. Watu zaidi ya 160,000 wa jamii hiyo wamekwisha pewa uraia wa Tanzania.

Walikuja pia na kwaya. Barabara za makazi zilipewa namba, na kutoka Barabara ya 13 ya Ulyankulu ikatokea kwaya ambayo kaseti zake zilisikika nyumba kwa nyumba. Katika miaka hiyo kwaya nyingi za nchi yetu zilianza kutumia magitaa ya umeme. Watu wa makamo watakumbuka mabishano yake. Gitaa lilikuwa chombo cha baa na dansi. Litaingiaje mbele ya madhabahu? Leo kwaya isiyo na gitaa wala kinanda huambiwa ijitahidi kununua. Baba anayemkataza mwanawe mdundo, yumkini yeye mwenyewe katika ujana wake alilichangia gitaa ambalo wazee wa siku hizo hawakulitaka.

MIMBARI HADI MTAANI

Je, kuna mtu katika Afrika Mashariki aliyekwisha jaribu na akafanikiwa? Yupo. Katika mtaa wa Dandora, jijini Nairobi, penye jalala kubwa la jiji, alikulia Julius Owino, anayejulikana kwa jina la Juliani. Alianza kufoka pamoja na kundi la Ukoo Flani Mau Mau. Baada ya kuokoka hakuuacha ufundi wake, aliugeuza. Mwaka 2008 alitoa albamu ya Mtaa Mentality, na mwaka 2011 akatoa Pulpit Kwa Street. Jina hilo la pili linasema yote: mimbari iende mtaani.

Lililo la maana katika kazi yake ni kwamba hakuishia kutaja jina la Mungu tu. Alitumia Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, na akazungumza juu ya uongozi, rushwa na wajibu wa raia. Wimbo wake wa Utawala ni mfano mmojawapo. Wapo waliomuuliza kama huo bado ni wimbo wa injili. Lakini manabii wa Agano la Kale walizungumza juu ya nini, kama si juu ya mizani za udanganyifu sokoni na maskini anayedhulumiwa mlangoni?

Huko Marekani safari ilianza mapema zaidi. Bible Break ya Stephen Wiley, ya mwaka 1985, hutajwa kuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za kufoka kwa Kikristo. Mwaka 2013 albamu ya Gravity ya msanii Lecrae ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya injili, na mwaka 2014 albamu yake ya Anomaly ilikaa kileleni mwa orodha ya albamu zote zilizouzwa nchini humo, za kidini na zisizo za kidini.

Na ujasiri wa kuchanganya muziki upo hapa nyumbani. Kundi la X Plastaz la Arusha, ingawa halikuimba injili, lilitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, ambamo sauti za nyimbo za Kimaasai zilikaa pamoja na mdundo wa kisasa. Hiyo ndiyo maana ya albamu ya majaribio: kuviweka pamoja vitu ambavyo havijawahi kukaa pamoja, na kusubiri kuona kama vitapatana.

Vijana wa Mpanda wakipenda kujaribu, wana akiba kubwa. Zipo ngoma za Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Watongwe. Zipo kwaya za Katumba na Mishamo. Upo mngurumo wa treni ya Kaliua, ambayo imekuwa ikija Mpanda tangu mwaka 1950, ilipojengewa reli kwa ajili ya madini ya risasi. Na zipo habari zinazongoja kusemwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Katavi, kati ya wasichana mia moja wenye umri wa miaka 15 hadi 19, arobaini na watano walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba. Wastani wa taifa zima ulikuwa ishirini na saba. Hakuna mkoa uliotupita.

Ni nyimbo ngapi za kwaya zetu zimewahi kumtaja msichana huyo? Ni nani atakayemwambia kijana mwenzake, kwa lugha anayoisikiliza, kwamba kumharibia binti masomo ni dhambi na ni hasara ya taifa? Mahubiri ya saa nzima huenda hayamfikii, kwa kuwa hayupo kanisani. Ubeti wa sekunde arobaini na tatu utamkuta kijiweni, kwenye bodaboda.

HATARI ZAKE

Pamoja na hayo, baba wa Makanyagio hakukosea katika kila jambo. Wahenga walisema, wimbo mbaya hauongolewi mwana, yaani haumbembelezi mtoto akalala. Hatari zipo, na mzazi mwema hazifumbii macho.

Hatari ya kwanza ni majivuno. Desturi ya kufoka ni mtu kujisifu na kumponda mwenzake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mwimba injili akisifiwa mno, huanza kuimba habari zake mwenyewe. Marekani ina funzo la karibu. Oktoba 2019 Kanye West alitoa albamu ya Jesus Is King, iliyoimbwa pamoja na kwaya, na mwaka 2021 ikampatia tuzo. Mwaka 2022 matamshi yake dhidi ya Wayahudi yaliifanya kampuni ya Adidas ivunje mkataba naye. Kuimba jina la Yesu hakumfanyi mwimbaji kuwa mtakatifu. Hilo ni kweli kwa mwenye mdundo, na ni kweli vilevile kwa mwenye joho la kwaya.

Hatari ya pili ni fedha. Kurekodi nyimbo kumi kunagharimu, na wapo wanaowazungukia vijana kwa mikataba ya maneno matupu. Kijana ajue kwamba tungo ni mali yake, na inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ajue pia kwamba sheria hiyohiyo inamlinda mwenye mdundo anaotaka kuuchukua bila ruhusa. Albamu ya neno la Mungu iliyotengenezwa kwa mali ya wizi ni aibu.

Hatari ya tatu ni kutotambua mahali. Si kila wimbo mwema ni wimbo wa ibada. Komunyo ina nyimbo zake, msiba una zake, na mkutano wa vijana uwanjani una zake. Kijana anayedai kufoka katikati ya sala ya toba hajajifunza adabu ya mahali, na padre au mchungaji anayemzuia hapo hana kosa.

MZAZI AFANYE NINI

Basi mzazi afanye nini? Aanze na daftari. Amwombe kijana amsomee maneno taratibu, bila mdundo. Kama maneno yana maana, mdundo hautayaharibu. Kama hayana maana, hata kinanda cha kanisa kuu hakitayaokoa. Mama naye awepo, kwani mara nyingi sikio lake husikia ambacho hasira ya baba imekifunika.

Pili, amwekee sharti. Usiache kwaya. Anayejua kuimba sauti ya tatu pamoja na wenzake thelathini atafoka vizuri zaidi, kwa sababu amekwisha jifunza kunyamaza zamu isiyo yake. Usiache kazi wala masomo. Mkataba usisainiwe kabla ya kuletwa nyumbani ukasomwa.

Tatu, ampeleke yeye mwenyewe kwa viongozi wa kanisa. Kijana akienda peke yake huonekana mkaidi. Akienda na baba yake huonekana mwana wa watu. Waombe wimbo mmoja tu, siku ya vijana, nje uwanjani, wazee waketi mbele wasikilize.

Turudi sasa Makanyagio. Ni Jumapili mchana, wali umepakuliwa, na sahani moja imebaki imefunikwa. Baba anakwenda hadi kwenye mlango ule alioufunga jana. Safari hii anabisha hodi.

"Karibu, baba."

"Lete hilo daftari," anasema, huku akivuta kigoda. "Nisomee. Polepole, nisikie."